Paka Niliyempeleka Stesheni

Mume wangu alikamatwa kwa sababu ya kuzika paka. Naandika hivyo mwanzo kabisa ili mtu asije akasema baadaye kwamba alikuwa mwizi, au aliua mtu, au alikutwa na bunduki. Alikutwa na jembe na paka aliyekufa. Basi.

Mimi nimesoma darasa la pili, na hilo lenyewe nililisomea kanisani kwa mwalimu wa dini, kwa hivyo anayetaka maneno matamu atafute kwingine. Wengi tuliokuwa nao siku hizo wanasema mambo ya zamani yaachwe. Wanaosema hivyo ni wale ambao hawakupoteza mtu, au wale waliopata shamba. Mimi siwezi kuyaacha. Sitaandika jina, maana watoto wao wako hai na wengine ni watu wakubwa hapa Nakuru, lakini nitasema kila mmoja alikuwa akifanya kazi gani na alifanya nini. Atakayejijua ajijue.

Shamba lilikuwa juu ya Elburgon, pale msitu wa Mau unapoishia na ngano inapoanza. Mzungu mwenye shamba tulimwita Bwana, na mke wake Memsahib. Mimi nilikuwa mpishi wao. Mume wangu alikuwa mtu wa stoo: ngano ikivunwa anaipokea, anapanga magunia, anafagia, anafunga mlango, na ufunguo unalala shingoni mwake. Stoo ilikuwa ya mbao na mabati, ndefu kama kanisa, na ndani yake walikaa paka. Sio paka wa kuchezewa. Walikuwa paka wa kazi, wa kula panya. Asubuhi walipewa maziwa kidogo kwenye kifuniko cha debe, chakula kingine wajitafutie.

Juu ya paka, darini, walikaa njiwa wa Bwana. Hao sasa ndio walikuwa wa kuchezewa. Aliwaagiza kwa meli kutoka kwao. Wengine walikuwa na manyoya mpaka vidoleni, kama wamevaa soksi. Wengine walivimbisha kifua kama karani aliyepata baiskeli. Wageni wakija Jumapili, hawakuonyeshwa mtoto wala kanisa, walionyeshwa njiwa. Na njiwa hao walinya usiku na mchana. Mavi yakaanguka chini, yakakauka, yakawa unga. Mume wangu aliufagia unga huo, akautia kwenye debe, debe likaenda kwa maua ya waridi ya Memsahib.

Kwetu hakuna mwanamke anayefagia nyumba bila kunyunyiza maji. Unachukua maji ndani ya kata, unayarusha kwa vidole, vumbi linalala, ndipo unashika ufagio. Hata mtoto mdogo anajua. Mume wangu alifanya hivyo stoo siku moja, kama alivyomwona mama yake akifanya, na Bwana akamkuta.

"Maji hapana! Ngano yangu iko lala hapa! Wewe nataka ngano yote naoza?"

Tangu siku hiyo alifagia kavu. Alirudi nyumbani jioni nyusi zimekuwa nyeupe, nami namcheka, "Karibu babu, wajukuu wako wapi?" Naye anakohoa, anacheka, ananipaka ule unga shavuni. Tulikuwa vijana. Hatukujua tunapakana nini.

Mvua ilipoisha mwaka ule, paka wakaanza kuugua. Wa kwanza alikuwa dume la rangi ya majivu. Alianza na chafya, tukasema ni mafua. Halafu pua ikafura upande mmoja, kama ameumwa na nyuki, uso ukaharibika, akawa anakoroma hata akiwa macho. Akakonda. Siku moja mume wangu akaniita.

"Njoo uone. Huyu haoni."

Alipitisha mkono mbele ya uso wa paka. Macho yalikuwa wazi, ile nyeusi ya ndani imejaa jicho zima, na hakupepesa. Alishuka kwenye gunia, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa mbao, akaugonga kwa kichwa. Akabaki pale pale, ameegemeza paji lake kwenye ubao, kama mtu anayesali. Alikufa wiki ile ile. Akafuata mwingine, na mwingine baada yake.

Sasa hapa lazima nieleze, maana aliyezaliwa juzi hataelewa. Ilikuwa siku za hali ya hatari. Wanaume walikuwa msituni, na askari walikuwa kila mahali wakiwatafuta waliokula kiapo cha kumfukuza mzungu. Na katika maneno ya kiapo, paka aliyekufa alikuwa jambo kubwa. Paka aliyenyongwa akikutwa kwenye geti la mzungu, hilo lilikuwa onyo. Mzoga wa paka ukikutwa karibu na nyumba ya mfanyakazi, tena wa kabila letu, hakuna aliyeuliza kama paka alikuwa na mafua. Nyumba nzima inapandishwa lori.

Kwa hivyo mume wangu aliogopa mizoga kuliko alivyoogopa ugonjwa. Kila paka alipokufa, alimfunga kwenye gunia kuukuu, akangoja jioni watu wakiwa mtoni, akamzika katikati ya miti ya miwati nyuma ya stoo.

Nilimwambia, "Si umwambie Bwana paka wanakufa?"

"Nimwambie nini? Kwamba wanafia mkononi mwangu? Ataniuliza nimewalisha nini."

Hilo ndilo lilikuwa kosa, wanasema watu. Angemwambia, paka angepasuliwa, ingejulikana. Mimi nasema sio kosa. Mtu akiogopa nyoka kwa sababu nyoka wapo, utasema amekosea?

Aliyemwona ni nyapara. Huyu namweka wa kwanza. Alikuwa mtu wetu, wa lugha yetu, na alikuwa na shemeji aliyetaka kazi ya stoo, kazi ya chini ya bati, isiyo na mvua wala jua. Alianza na mzaha. Siku moja mtoni, wanawake wamejaa, akapita na fimbo yake akasimama.

"Mama, mzee wako siku hizi amekuwa mkulima wa jioni. Anapanda nini kule kwa miwati?"

"Anapanda viazi," nikasema.

"Viazi vyenye mkia?"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, maana ukikosa kucheka wanakuona una neno. Baada ya hapo askari walikuja na gari. Nyapara alitembea mbele yao, akawaonyesha kila mahali penye udongo mpya, kama mtu anayeonyesha shamba lake. Wakafukua. Waliokuwa mle walikuwa wameoza, manyoya na mifupa na harufu, hakuna ambaye angeweza kusoma ugonjwa pale. Bwana alisimama ameziba pua kwa leso.

"Leo paka," akasema. "Kesho chai yangu."

Ndivyo neno sumu lilivyoingia. Wakasema mume wangu anajaribu sumu kwa paka kabla ya kuwapa watu, na mizoga anaiweka kwa ajili ya viapo. Walimpeleka Elburgon, kisha stesheni ya polisi ya Nakuru, angoje kuchujwa. Kuchujwa ni kuulizwa maswali na watu waliokwisha kupata majibu. Mimi nusura nifukuzwe jikoni, lakini Memsahib akasema anajua mpishi wake, na hakuna mwingine anayejua kuoka mkate wake. Mkate ndio ulioniweka.

Koplo wa pale stesheni aliniambia wazi, nilipopeleka chakula. Mtu akithibitisha paka hawakuuawa, mume wangu anarudi nyumbani. Asipothibitisha, anaenda kambini, na kule hakuna anayejua anarudi lini.

"Nithibitishe na nini, afande?"

"Lete paka aseme mwenyewe." Wenzake wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo wakaniita Mama Paka. Nikitokea mlangoni, mmoja alilia nyau, mwingine akajibu.

Wiki hizo ndipo paka wa Memsahib alipougua. Huyu hakuwa wa stoo. Alikuwa jike jeupe lenye mabaka ya rangi ya chungwa, analala kwenye kiti chenye mto, lakini jioni alitoroka kwenda kwa wenzake kwenye magunia. Akaanza chafya. Pua ikafura. Mimi nilipomwona anakoroma kando ya jiko, sitadanganya, nilifurahi. Huyu hakuweza kusemwa amepewa sumu na mtu aliyefungwa.

Daktari wa mifugo alikuja kutoka Nakuru. Alikuwa mtu mrefu, mikono safi, hakuwa mkali. Nasema hakuwa mkali ili isionekane kwamba nawachukia wote sawa. Nilimshikilia paka juu ya meza ya jikoni, amefungwa kwenye taulo, kichwa tu nje. Daktari alimulika macho kwa tochi ndogo, akaangalia kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Akapapasa chini ya taya, akanishika kidole nipapase na mimi. Kulikuwa na tezi ngumu kama harage bichi. Kisha akachoma ule uvimbe wa pua kwa sindano nyembamba, akavuta. Haikuja damu, haukuja usaha. Ulikuja ute, kama ule mweupe wa yai.

Akatia tone la ute kwenye kioo, akaongeza tone la wino mweusi kutoka kwenye mkoba wake, akafunika kwa kioo kingine. Alikuwa na mashine ya kukuza vitu vidogo ndani ya sanduku la mbao. Akaiweka dirishani, akachungulia. Memsahib akachungulia. Halafu daktari akanitazama mimi niliyekuwa bado nimeshika paka.

"Wewe nataka ona?"

Nikaona. Kulikuwa na weusi mtupu, na ndani ya weusi vitu vya mviringo, vyeupe, kila kimoja kimejizungushia mwanga wake, kama mtu aliyejifunika blanketi nene asiguswe. Vingine vilikuwa vinaota mtoto ubavuni. Vilikuwa vingi. Nilitoa jicho, nikauliza neno moja tu nililokuwa nalo.

"Bwana daktari, hii ni sumu?"

"Sumu? Hapana. Hii kuvu. Wewe najua kuvu? Ile iko mea kwa mkate mzee. Sasa hii namea ndani. Kwa pua, kwa mapafu, kwa kichwa. Kwa sababu hiyo paka hapana ona."

"Na wale wa stoo?"

"Mimi hapana ona wale. Lakini kama ilikuwa namna hii, gonjwa ni moja tu."

"Inatoka wapi?"

"Kwa vumbi. Madaktari ya Ulaya nasema mavi ya njiwa."

Memsahib alisikia. Nilisikia. Jiko lilisikia. Nilimwangalia Memsahib, naye akaangalia paka.

Dawa aliyotuachia ilikuwa chumvi ya iodini, imeyeyushwa kwenye chupa. Alisema wazi si dawa ya kutegemea. Iliyo bora ilikuwa ikijaribiwa ng'ambo na haikuwa imefika huku. Asubuhi na jioni nilimfungua paka mdomo, nikamdondoshea nyuma ya ulimi. Alitoa povu. Machozi yalimtiririka, alitapika maziwa, ngozi ikamcheza mgongoni kama ng'ombe anayefukuza inzi. Siku nyingine uvimbe ulipungua kidogo na Memsahib akaimba. Siku ya pili ukarudi.

Hebu fikiria hapo. Jikoni mle namtibu paka kuvu, kwa amri ya wenye nyumba, kwa dawa ya daktari. Na mume wangu yuko ndani Nakuru kwa kuwapa paka sumu, kwa amri ya wenye nyumba hao hao. Mambo mawili yalikaa chini ya bati moja, yakanywa chai pamoja, hakuna lililomuuliza mwenzake.

Nilimwambia Memsahib, "Mama, mwambie Bwana aandike kwa polisi. Daktari amesema."

Alisema atamwambia. Nilisikia wakibishana sebuleni mlango umefungwa. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini njiwa kwa Kiingereza nilijua, na polisi ni polisi kwa lugha zote. Alitoka macho mekundu.

"Bwana nasema mambo ya polisi ni ya polisi."

"Na njiwa?"

"Njiwa nabaki."

Ndio hiyo. Bwana akikubali ni kuvu, amekubali ni njiwa wake, na lazima wachinjwe. Kwa hivyo ikabaki sumu. Huyu ni wa pili. Na Memsahib ni wa tatu, ingawa alinipa nguo zake za zamani na wengi wanamsifu mpaka leo. Yeye alichungulia kwenye ile mashine kwa jicho lake mwenyewe. Stesheni wangemsikiliza kwa neno moja. Hakulisema.

Niliporuhusiwa kumwona mume wangu kwenye waya, nilimweleza yote. Alikuwa amekonda, ameinamisha kichwa upande mmoja, na alinyanyua mkono kuzuia jua hata pasipokuwa na jua.

"Umeumwa?"

"Kichwa tu. Nitapona nikitoka." Akafikiri. "Wampasue mmoja. Akipasuliwa mbele yao, wataona. Paka hawezi kuhongwa."

Huyo ndiye alinipa wazo, na koplo naye na kejeli yake ya kuleta paka.

Paka wa Memsahib alikuwa kipofu kufika hapo. Alizunguka sebule kwa duara, daima upande mmoja, mpaka akajichosha. Asubuhi moja nilimkuta amekufa, paji lake limeegemea mguu wa meza. Nilimwomba Memsahib tumpeleke kwa daktari apasuliwe, nikapiga magoti kwenye zulia. Alirudi nyuma kana kwamba ni mimi niliyeua.

"Hapana kata-kata paka yangu!"

Akamzika kwenye waridi, ndani ya boksi la viatu, na vijiti viwili vya msalaba. Paka wetu waliozikwa walimfunga mtu. Wake alipata msalaba.

Alfajiri ya siku iliyofuata nilimtoa. Sikuiba, nilikopa. Nilimfunga kwa gazeti, nikamweka chini kwenye kiondo, nikapanga sukumawiki juu. Memsahib alikuwa ameniandikia kikaratasi cha kwenda Nakuru kununua hamira, maana wakati ule hatukutembea bila karatasi. Nilipanda lori la mbao kutoka Elburgon, nimekaa juu ya magogo na wanaume waliokuwa wakitaniana.

"Mama, kiondo chako kinanuka. Umebeba mume?"

"Namfuata," nikasema, na wakacheka mpaka Njoro.

Daktari alikuwa kazini kwake nyuma ya mji. Alishtuka kuniona, lakini nilipofungua gazeti uso wake ukang'aa, kama mtu aliyeletewa zawadi. Alimlaza paka kwenye meza ya bati, akampasua kutoka shingoni mpaka chini. Sikugeuka. Mapafu yalikuwa na uvimbe-uvimbe wa kijivu, unateleza, kama mayai ya chura mtoni. Figo pia. Alifungua fuvu, na katika ubongo kulikuwa na mashimo madogo yamejaa ule ute. Akatoa jicho moja. Akatia wino, akachungulia, akasema neno kwa lugha yake ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Alifurahi. Vipande vyote alivitia kwenye chupa za dawa: mapafu, figo, ubongo, jicho.

"Ni ile ile," akasema. "Wewe nafanya mzuri leta."

"Sasa twende stesheni, bwana daktari. Uwaambie."

Akaosha mikono, akaikausha kidole kwa kidole.

"Mimi ni daktari ya wanyama. Mambo hii ingine hapana yangu. Lakini ambia wao napiga simu kwa mimi. Wakiuliza, mimi nasema."

"Basi nipe chupa moja niwaonyeshe."

"Chupa hapana. Hii nakwenda kwa wakubwa, nataka jifunza."

Akanirudishia kilichobaki, kwenye gazeti lile lile. Huyu namweka wa nne, na siku nyingine namweka wa kwanza.

Nilitembea mpaka stesheni nikiwa na furaha, hilo ndilo linaloniuma. Niliingia, mmoja akalia nyau kama kawaida. Nikaweka kiondo mezani kwa koplo, nikasema, "Ulisema nilete paka. Huyu hapa. Si sumu, ni kuvu, daktari amemwona."

Koplo alitoa sukumawiki, akafungua gazeti. Aliruka nyuma, kiti kikaanguka.

Hapo ndipo niliona alichokiona yeye. Mpaka dakika hiyo mimi nilikuwa naona paka mgonjwa aliyechunguzwa. Yeye aliona mwanamke wa kabila letu, ambaye mumewe yuko ndani kwa mambo ya kiapo, amebeba kwenye kiondo paka aliyepasuliwa katikati, ametolewa viungo, ametolewa jicho. Mtu akitaka kuchora kiapo kwenye ukuta, angechora kile. Hakuna aliyelia nyau tena. Mmoja alifanya ishara ya msalaba.

Nilipiga kelele, "Ni daktari! Mpigieni simu daktari!"

Afisa wa kizungu, kijana wa kunyoa juzi, alipiga. Hilo nakubali. Karani wa daktari akajibu kwamba daktari ameondoka sasa hivi kwenda Keringet kwa ng'ombe wa mtu, atakaa huko siku kadhaa. Afisa akaweka simu chini. Hakuna aliyeinyanyua tena. Na daktari aliporudi aliambiwa, najua aliambiwa, maana yule karani nilikutana naye miaka ya baadaye sokoni akanieleza, bila hata kuona haya. Daktari alisema, "Pole sana," akaendelea na kazi.

Waliniweka ndani. Yaliyofanyika mle sitayaandika, wanawake wa umri wangu wanayajua. Wakamwambia mume wangu, "Mke wako amekutwa na paka wa kiapo. Mmoja wenu atakula hii kesi. Chagueni." Alichagua. Aliwaambia ni yeye, wote, na huyo wa kiondo pia, kwamba alinituma nami sikujua nimebeba nini. Akaweka kidole gumba kwenye wino.

Tulipishana kwenye ukumbi, yeye anatolewa kwenda kwenye lori, mimi naachiliwa nipelekwe rizavu, kwenye ardhi kabila letu lilikotengewa. Alitembea ameshika ukuta. Shingo yake ilikuwa imekauka, haigeuki. Ili anitazame aligeuka mwili mzima.

"Wamekuumiza?" akauliza.

"Kwa nini umesema uongo?"

"Nyamaza. Ukifika, nyunyiza maji ndipo ufagie." Akajaribu kucheka, akakohoa.

Sikumwona tena. Mtu aliyekuwa naye kambini alinitafuta baada ya mambo kutulia. Alisema kichwa kilimuuma mpaka akatapika. Mganga wa kambi akasema malaria, baadaye akasema anajifanya ili asichimbe mtaro. Kisha akaacha kuona. Yule mtu akaniambia, "Mwishoni alikuwa akienda kwenye ukuta, anaegemeza paji hivi, anakaa hapo tu. Tulidhani anasali."

Nikamwambia imetosha, anywe chai.

Bwana alipouza shamba, wakati bendera inabadilishwa, alifungua dari akawaachilia njiwa. Nyapara alipata ekari zake pale pale. Mimi nilipata kipande cha ardhi huku upande wa Bahati, kwa kupanga mstari kama wengine. Mwaka jana nilikwenda Elburgon kumzika dada, nikapita kwenye ile stoo. Sasa ni ya ushirika, ina mahindi. Mlango ulikuwa wazi, na mwanamke kijana alikuwa ndani anafagia, vumbi jeupe limemfika kiunoni, nyusi zake zimekuwa za bibi. Juu kwenye mbao niliwaona. Wamechanganyika na njiwa wa kawaida, lakini wengine bado wamevaa soksi.

"Msichana," nikasema, "nyunyiza maji kwanza."

"Mathe, mwenyekiti amekataza. Mahindi yataoza."

Paka mmoja alikuwa amelala juu ya gunia. Alipiga chafya.

Sikubishana na yule msichana. Kulikuwa na debe tupu kando ya mlango, nikalichukua, nikazunguka nyuma kwenye mfereji, pale palipokuwa na miwati. Nikalijaza. Nikarudi nalo ndani nikaanza kunyunyiza, kwa vidole, kutoka mlangoni kwenda ndani. Yeye alisimama na ufagio wake, ananitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mwenyekiti akitaka, na aite polisi.